Nilitaka kusoma watu, nimeangushwa na takwimu

MUULIZE MWALIMU

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 31, naishi Mwanza, na kazi yangu ni afisa mikopo kwenye taasisi ndogo ya fedha. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, na nina watoto wawili. Huu ni mwaka wangu wa pili nasoma shahada ya kwanza ya saikolojia kwa njia ya mtandao katika chuo kimoja cha Uingereza. Ni shahada ya krediti 360, nachukua 60 kwa mwaka, kwa hiyo nategemea miaka sita.

Mwaka wa kwanza ulienda vizuri: kumbukumbu, makuzi ya mtoto, saikolojia ya jamii. Nilikuwa napata 58, 61. Mwaka huu ikaja Mbinu za Utafiti na Takwimu, nikapata 34. Pasi ni 40. Ripoti ya utafiti nilipata 42, mtihani 26, na kila kimoja ni nusu ya alama zote. Sasa nina sapu, yaani mtihani wa marudio, baada ya wiki nane, mwanzoni mwa Agosti, na hata nikifaulu naandikiwa 40 tu. Nikikeri, yaani nikirudia moduli nzima, ada yake nalipa upya.

Mwalimu, mimi nilijiunga ili niwaelewe watu. Kazini nawaona kila siku: mama mmoja anakopa na kurejesha mpaka shilingi ya mwisho, mwenzake mwenye genge kama lake anahama nyumba usiku. Nilitaka kujua kwa nini. Badala yake nafundishwa mkengeuko sanifu na herufi p. Video zote nimeziangalia, nyingine mara tatu, na nikiwa naangalia naelewa kabisa. Nikifika kwenye swali, kichwa cheupe. Hesabu kidato cha nne nilipata D.

Nasomea kwenye simu. Laptop ni ya ofisi, napewa jioni. Programu ya takwimu ya chuo inafunguka kwa intaneti tu, na bando linakata kabla sijamaliza swali moja.

Juu ya hayo, mume wangu anauliza kama cheti hiki kitatambulika hapa nyumbani. Shemeji naye ameniletea kijana wake asiyelala usiku, eti nimtazame, maana ukoo mzima wananiita daktari. Na mifano ya kwenye masomo ni wanafunzi wa Marekani watupu, naona kama hainihusu. Nihamie utawala wa biashara?

Afisa Mikopo Aliyekwama, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na alama zako, maana umeandika 34 kama kitu kimoja na si kitu kimoja. Ripoti umefaulu. Kilichokuzamisha ni mtihani. Fungua kitabu cha mwongozo cha moduli, sehemu ya mitihani ya marudio, uangalie kama alama ya kipande ulichofaulu inabaki. Ikibaki, unahitaji 38 kwenye mtihani: 42 na 38 ni 80, nusu yake 40. Kama chuo chako kinataka kila kipande kifike 40 peke yake, basi lengo ni 40. Kwa hiyo unatafuta alama 12 au 14 ndani ya wiki nane. Huhitaji kuwa mtu wa hesabu kwa hilo. D ya kidato cha nne iache huko huko ilikopatikana. Mtihani huu unataka kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kipeo cha pili na kipeuo chake, na kikokotoo mara nyingi huruhusiwa. Uliza tu ni cha aina gani.

Sasa hizo video. Unasema ukiangalia unaelewa, ukifika kwenye swali kichwa cheupe. Somo lako lenyewe lina jibu la jambo hilo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walikisoma kifungu mara ya pili, wengine walikifunika wakaandika wanachokikumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibaki na 42, waliojipima 56. Kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo unayoipata mbele ya video. Mara ya tatu ilikupa hisia nzito zaidi na hakuna kingine.

Hivyo kuanzia leo video moja mara moja, kisha simu kifudifudi na kalamu mkononi. Tuanze na mfano huo huo. Namba nimezitunga ziwe nyepesi. Fanya na mimi kwenye karatasi, usisome tu.

Watu kumi wamesoma kifungu chenye mambo 20 ya kukumbuka. Watano wamesoma tena, watano wamejipima. Wiki moja baadaye tunahesabu walichokumbuka.

Waliosoma tena: 6, 8, 10, 7, 9.
Waliojipima: 12, 9, 13, 11, 10.

Wastani wa kwanza ni 40 kugawa kwa 5, yaani 8. Wa pili ni 55 kugawa kwa 5, yaani 11. Tofauti ni 3. Mtu wa kawaida angeishia hapa na kusema kujipima ni bora. Saikolojia haiishii hapa, na swali linaloiendesha ni lako wewe: watu hawa wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana kiasi gani?

Chukua kundi la kwanza. Toa 8 kwa kila mmoja: −2, 0, 2, −1, 1. Ukizijumlisha zilivyo unapata sifuri, siku zote, ndiyo maana tunazipandisha kipeo cha pili: 4, 0, 4, 1, 1. Jumla 10. Gawa kwa 4, wala si kwa 5. Wanafunzi wengi hukariri hilo la 4 bila kujua linatoka wapi: kwa kuwa jumla ya mikengeuko lazima iwe sifuri, ukishajua minne, wa tano umeshajifunga wenyewe. Umebakiwa na minne iliyo huru. Kumi kwa nne ni 2.5, na hiyo ndiyo variansi. Kipeuo chake ni 1.58, na huo ndio mkengeuko sanifu uliokunyima usingizi. Maana yake ni kwamba mtu wa kundi hili kwa kawaida yuko mbali na wastani kwa jambo moja na nusu hivi. Fanya kundi la pili mwenyewe. Utapata 10, 2.5 na 1.58 vilevile.

Tunamalizia. Gawa kila variansi kwa idadi ya watu: 2.5 kwa 5 ni 0.5. Jumlisha mbili hizo: 1. Kipeuo cha 1 ni 1. Tofauti ya wastani, 3, gawa kwa hiyo 1: jibu ndilo namba iitwayo t, nayo ni 3. Nyuzi za uhuru, yaani ile mikengeuko iliyo huru, ni 4 na 4, jumla 8. Ukienda kwenye jedwali la t, mstari wa 8, pande mbili (bila kuamua mapema kundi lipi litaongoza), kiwango cha 0.05, utakuta kizingiti cha 2.306. Tatu imepita. Tofauti hii ina uzito wa kitakwimu.

Sasa badilisha watu. Waliosoma tena: 2, 5, 8, 11, 14. Waliojipima: 5, 8, 11, 14, 17. Wastani ni ule ule, 8 na 11. Tofauti ni ile ile, 3. Lakini jumla ya vipeo imekuwa 90, variansi 22.5, gawa kwa 5 ni 4.5, mbili ni 9, kipeuo chake 3. Tatu kwa tatu: t ni 1. Haifiki popote karibu na 2.306.

Uliuliza watu wako wapi. Wako chini ya mstari wa kugawia. Juu ya mstari ni tofauti unayoisifia, chini ni jinsi watu wenyewe wanavyotofautiana hata wakitendewa sawa. Wale kina mama wako wawili, anayerejesha na anayehama usiku, ni watu wawili tu. Hujajua kama tofauti yao inatokana na tabia, na msimu, na mgonjwa aliyeko nyumbani, au ni ile mitawanyiko ya kawaida ya wakopaji wote. Takwimu ni namna ya kujizuia usiwahukumu watu kwa mifano miwili.

Rudia hesabu hii kwa mkono mara kumi kwa namba tofauti, kundi la watano watano, mpaka ufanye bila kutazama. Ukikosea, karibu kila mara kosa liko sehemu mbili: umesahau kupandisha kipeo, au umegawa kwa 5 pale pa 4.

Kuhusu p, hapa ndipo alama nyingi hupotea, tena kwa watu waliopiga hesabu sawasawa. Kwa mfano wetu wa kwanza p ni .017. Maana yake: kama kwa kweli kusingekuwa na tofauti yoyote kati ya njia hizo mbili, matokeo makali kama haya au zaidi yangejitokeza mara 17 hivi kwa kila 1,000. Basi. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 98 kuwa uko sahihi, haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani, na haithibitishi nadharia yako. Ukiandika neno “imethibitisha” kwenye ripoti ya saikolojia, msahihishaji anachukua kalamu nyekundu kabla hajamaliza sentensi. Andika “matokeo yanaunga mkono”. Kwa mfano wa pili, p ikiwa .35, usiandike “hakuna tofauti”. Andika “hatukupata ushahidi wa kutosha wa tofauti”. Ukubwa wa tofauti una namba yake, d, na ni rahisi kupita zote: tofauti ya wastani gawa kwa mkengeuko sanifu, 3 kwa 1.58, yaani 1.90. Kwa desturi 0.2 huitwa ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa, 1.90 ni ya mazoezini, utafiti wa kweli hauzai namba nono namna hiyo mara kwa mara.

Kwenye karatasi inaandikwa hivi: t(8) = 3.00, p = .017, d = 1.90. Herufi ziwe za mlazo (italiki), na p haiwekewi sifuri mbele ya nukta kwa mtindo wa APA, Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kwa kuwa haiwezi kuvuka 1. Ni upuuzi mdogo, lakini una alama.

Swali la pili linaloangusha watu mtihanini ni kuchagua jaribio. Kariri kwa kazi yako. Karatasi ya mkopaji ina vitu vya aina mbili: vya kuweka kwenye mafungu, kama amelipa au hajalipa, mwanamke au mwanaume, na vya kupima, kama siku za kuchelewa au kiasi cha mkopo. Fungu kwa fungu, mfano jinsia na kulipa, ni kai-skwea. Mafungu mawili na kipimo, mfano wanawake na wanaume kwa siku za kuchelewa, ni jaribio la t. Mafungu matatu au zaidi na kipimo ni anova. Kipimo kwa kipimo, mfano ukubwa wa mkopo na siku za kuchelewa, ni korelesheni. Na kama ni watu walewale waliopimwa mara mbili, kabla na baada, basi ni jaribio la t la jozi, ambalo hesabu yake ni tofauti. Soma swali la mtihani ukijiuliza kwanza: hawa ni watu walewale au watu wengine? Nusu ya makosa yanaishia hapo.

Nakuomba jambo moja: mifano ya kazini itumie kichwani tu. Usichukue daftari la wateja ukalipeleka kwenye kazi ya chuo, hata ukifuta majina. Hawakuridhia, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Programu ya chuo iache. Kuna jamovi na kuna JASP, zote za bure, zinakaa kwenye laptop na zikishapakuliwa hazihitaji intaneti. Kwa kuwa mashine ni ya ofisi, omba ruhusa kabla ya kuweka programu. Kwenye simu hazifai, na kwa kweli ukipata hela ya laptop iliyotumika, inunue kabla ya mwaka wa utafiti; simu ni ya kusomea, takwimu zinahitaji meza. Hakikisha tu mtihani hautaki ujue vitufe vya programu ya chuo. Mara nyingi wanakupa matokeo yaliyochapwa uyasome.

Ukifungua jamovi, ingiza zile namba kumi. Hapa kuna mtego: mgeni huweka kundi la kwanza safu ya kushoto na la pili safu ya kulia, sambamba. Mashine inaelewa kwamba 6 na 12 ni za mtu mmoja. Kanuni ni mstari mmoja kwa mtu mmoja. Safu ya kwanza andika kundi, 1 au 2. Ya pili andika alama. Utakuwa na mistari kumi. Kisha iambie mashine kwamba safu ya kwanza ni ya mafungu, maana ikiona 1 na 2 inaweza kudhani ni kipimo na kukupigia wastani wa makundi, 1.5, namba isiyo na maana yoyote. Mtu ambaye hakujibu acha kisanduku kitupu, usiweke 0, kwani sifuri ni jibu na itashusha wastani. Ukipata t ya 3.00 na p ya .017, umefika. Ikija na alama ya kutoa mbele, usishtuke, imetoa kundi la pili kwa la kwanza.

Kuhusu muda: krediti moja ya Uingereza huhesabiwa masaa 10 ya kazi, hivyo krediti 60 ni masaa 600 kwa mwaka. Sidhani kama umepata hata nusu yake, na hilo linaeleza mengi kuliko akili yako. Kwa wiki nane hizi tenga masaa 10 kwa wiki, saa moja na nusu kwa siku tano na masaa mawili na nusu Jumamosi. Wiki mbili za kwanza ni hesabu ya mkono. Wiki ya tatu na ya nne kuchagua jaribio na kusoma matokeo yaliyochapwa. Kuanzia ya tano, mitihani iliyopita, kwa saa ya ukutani, bila daftari, na kila kosa liandike kwenye kikaratasi ulirudie siku tatu baadaye. Kuhusu bando, pakua maandishi ya mihadhara badala ya video. Vyuo vingi huweka yote mawili, na maandishi ya saa nzima hayafiki hata dakika moja ya video kwa uzito.

Kwamba mifano ni ya Wamarekani hujakosea. Mwaka 2010 Henrich, Heine na Norenzayan waliandika makala iliyowatikisa wengi, wakionyesha kwamba saikolojia imejengwa juu ya watu wa nchi za Magharibi, wenye elimu na fedha, na mara nyingi watu hao si mfano mzuri wa binadamu wengine. Itumie kwenye insha zako; ni hoja, usiifanye manung’uniko. Lakini usitupe kila kitu. Ile nadharia ya mtoto kushikamana na mama, inayoonyeshwa na kile chumba cha Marekani chenye vitu vya kuchezea, ambamo mama humwacha mtoto kidogo kisha akarudi, chimbuko lake moja liko ng’ambo ya ziwa unaloliona. Mary Ainsworth alikaa vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akitembelea nyumba 26 za Waganda zenye watoto wachanga 28, akitazama nani analia mama akitoka na nani anamtumia mama kama kituo cha kuchunguzia dunia. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967. Kile chumba kilikuja baadaye, Baltimore.

Na kuna kazi inayokungoja wewe kuliko mwanafunzi wa Leeds kule Uingereza: hojaji. Chukua neno “mawazo”. Ukimuuliza mtu wa Mwanza “una mawazo mengi siku hizi?”, anajua unauliza kama ana dhiki. Mpe mfasiri asiyejua mazingira arudishe swali hilo kwenye Kiingereza, atakuletea swali kuhusu kufikiri au kuwa na fikra nyingi. Hojaji imeshaharibika, na hakuna hesabu itakayoitengeneza. Ndiyo sababu kazi ya kutafsiri hufanywa na watu wawili, mmoja akipeleka, mwingine asiyeona nakala ya kwanza akirudisha, kisha unawaketisha watu watano au sita wa kawaida wakueleze kwa maneno yao walichoelewa. Utafiti wako wa mwaka wa mwisho unaweza kuwa hapo. Ila kaa mbali na hojaji za sonona kama PHQ-9 kwa ngazi yako. Ina maswali tisa, alama 0 hadi 27, na la tisa linauliza juu ya kutamani kufa au kujidhuru. Mtu akijibu ndiyo saa tano usiku kwenye fomu ya mtandaoni, utafanya nini? Kamati ya maadili itakuuliza hivyo hivyo. Na data yoyote iliyokusanywa kabla kamati haijaidhinisha haitumiki, hata kama ni siku moja kabla.

Mume wako ana haki ya kuuliza, na jibu linapatikana kwa maandishi. Iandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ndiyo inayotambua tuzo za nje. Taja jina kamili la chuo, jina kamili la shahada, na sema wazi kwamba ni ya mtandaoni. Fanya hivyo kabla ya kulipa ada ya mwaka ujao. Kisha tazama kama shahada yako ina ithibati ya Jumuiya ya Saikolojia ya Uingereza, BPS. Usitafute jina la chuo, tafuta jina la shahada, kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa na shahada mbili za saikolojia, moja ina ithibati na nyingine haina. Hata yenye ithibati ina masharti: umalize angalau na daraja la pili la chini, na ufaulu mradi wa utafiti wa kitaalamu. Mradi huo mara nyingi unahitaji takwimu. Ukihamia utawala wa biashara utazikuta pia, kwa jina jingine.

Lakini elewa shahada hii ni mlango wa nje. Uingereza, mwanasaikolojia wa tiba husoma mpaka uzamivu na kusajiliwa. Kenya kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014, na huwezi kujiita hivyo bila usajili. Shahada ya kwanza inakufungulia utumishi, utafiti wa masoko, mashirika ya jamii, na bila shaka idara ya mikopo yenyewe. Haikupi ruhusa ya kutibu.

Hapo tunafika kwa kijana wa shemeji. Usimtazame. Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na ni ndugu, sababu mbili za kukataa. Mwambie shemeji: “Mimi nasoma, bado sijafuzu, na kijana anastahili mtu aliyefuzu. Nitakusindikiza.” Hospitali ya Bugando hapo Mwanza ina idara ya afya ya akili, huko kuna daktari wa magonjwa ya akili, ambaye ni daktari kamili wa tiba na anaweza kuandika dawa, jambo ambalo mwanasaikolojia kwa kawaida halifanyi. Kama kijana anasema anataka kufa, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au ameacha kula, basi ni leo, msisubiri Jumatatu. Ukoo ukikuita daktari, cheka, kisha sahihisha.

Kwa siku ya mtihani, kama unafanywa mtandaoni mbele ya kamera: chaji laptop usiku, simu nyingine iwe na bando la akiba, fanya jaribio la kamera siku mbili kabla kwa mashine ile ile na chumba kile kile, na watoto wawe kwa bibi. Umeme ukikatika, piga picha ya skrini au ya saa na chumba, umtumie mkufunzi barua pepe dakika ile ile, kisha jaza fomu ya dharura ndani ya siku wanazoruhusu. Malalamiko ya wiki mbili baadaye hayana ushahidi.

Na angalia saa. Agosti Uingereza wako kwenye saa za kiangazi, tumewatangulia masaa mawili; kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba yanakuwa matatu. Ratiba ikisema 10:00, usisome saa kumi. Ni saa nne asubuhi yao, na kwako Mwanza ni saa sita mchana, wakati ofisi yako bado imejaa wakopaji. Omba ruhusa ya siku nzima sasa hivi.